Upasuaji wa kifafa: Kabla ya kukubali, uliza utabaki na kumbukumbu gani

Tuanze na swali gumu. Uko na miaka 22. Kifafa kinakuangusha mara mbili tatu kwa wiki, dawa umebadilishiwa hadi umechoka, na kazi ya mwisho uliifanya siku mbili tu kabla uanguke mbele ya wateja na uambiwe usirudi. Halafu daktari anakwambia kuna upasuaji wa ubongo unaoweza kukimaliza hiki kifafa. Lakini, anaongeza, huenda ukaanza kusahau. Majina ya watu yatapotea, maneno yatakwama mdomoni, na kitu ulichosoma leo kesho ukitafute usikipate. Unachukua ama unaacha?

Wengi wetu tungejibu haraka, na jibu lingetoka kwa woga. Kuna wale wa "afadhali nianguke nikiwa na akili zangu." Kuna wale wa "toa hata nusu ya ubongo, bora nisianguke tena." Mimi nasema wote wawili wamekimbilia jibu. Upasuaji huu ni mapatano, na kwa mapatano yoyote hutoi mkono kabla ya kujua unapata nini na unaachilia nini. Kumbukumbu ni sehemu ya bei. Bei hiyo inaweza kukadiriwa mapema, mradi mtu ajisumbue kuipima na akwambie ukweli.

Nani anafikishwa kwa kisu?

Kwanza tuelewane. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme, na umeme huo ukizuka ovyo mtu anaanguka na kutetemeka, ama anatazama tu hewani kwa dakika moja kama ameuacha mwili wake hapo. Si mapepo. Hakiambukizwi kwa mate. Na tafadhali, hakuna kijiko kinachofaa kuingizwa mdomoni mwa mtu aliyeanguka.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila mashambulio wakigunduliwa na kupewa dawa zinazofaa. Hao hawahitaji kisu. Wanahitaji dawa isiyokatika na watu wasiowaficha ndani ya nyumba.

Upasuaji unaanza kuzungumziwa pale ambapo dawa mbili tofauti, zilizochaguliwa vizuri na kumezwa inavyotakiwa, zimeshindwa. Kwa watu wazima wengi wanaofika hapo, chanzo hupatikana kwenye sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa, karibu na sikio. Shida ni kwamba hapo hapo ndipo anapokaa karani wa kumbukumbu zetu. Ni kipande kidogo kilichojikunja kama mkia wa kinyonga, na madaktari wanakiita hipokampasi. Uko na mbili, moja kila upande. Kazi yao ni kuchukua mambo ya leo na kuyaweka stoo ili kesho uyapate. Kwa hivyo daktari anayetaka kung'oa chanzo cha kifafa mara nyingi analazimika kumgusa karani pia.

Mtu aliyelipa bei yote

Ukitafuta habari za upasuaji huu, jina utakalokutana nalo mapema ni Henry Molaison wa Connecticut, Marekani. Kwa miaka mingi dunia ilimjua kwa herufi mbili tu, H.M., na jina lake halikutolewa hadi alipofariki Desemba 2008 akiwa na miaka 82.

Henry alianza kupata mashambulio akiwa mtoto. Kufikia 1953, akiwa na miaka 27, hali ilikuwa mbaya hadi hangeweza kushikilia kazi. Daktari William Scoville akampasua, na akatoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili, kushoto na kulia. Mashambulio yalipungua sana. Lakini tangu siku hiyo Henry hangeweza kuhifadhi jambo jipya. Alisoma gazeti moja tena na tena kama limetoka leo. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyesafiri kutoka Montreal, Kanada, kwenda kumpima, alikuwa mgeni kwake kila walipokutana.

Ajabu ni kwamba utoto wake aliukumbuka. Aliongea vizuri, na akili yake kwenye vipimo vya kawaida haikushuka. Milner alipompa kazi ya kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo, Henry alizidi kuwa stadi kwa siku tatu mfululizo, ingawa hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Kutoka kwake sayansi ilijifunza kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Mkono unaweza kujifunza jambo ambalo mwenyewe hajui amejifunza.

Sayansi ilifaidika sana. Henry hakuweza tena kuishi bila mtu wa kumwangalia. Scoville mwenyewe aliwaonya madaktari wenzake wasirudie upasuaji ule wa pande mbili.

Watu wakisikia kisa hiki wanasema, basi, upasuaji wa kifafa unafuta kumbukumbu. Hilo ndilo somo lisilo sahihi. Upasuaji wa leo hutoa upande mmoja tu, na kuna mgonjwa mwingine, asiyetajwa sana, anayetufunza vizuri zaidi.

Huko Montreal daktari Wilder Penfield alikuwa akipasua upande mmoja. Wagonjwa wake wengi hawakupatwa na balaa kama la Henry, lakini wawili walipatwa. Penfield na Milner wakakisia kwamba upande wa pili, ule ambao haukuguswa, ulikuwa umeharibika tangu zamani. Mmoja wa wagonjwa hao alifariki mwaka wa 1964, na ubongo wake ulipochunguzwa ilibainika hipokampasi ya upande wa pili ilikuwa imesinyaa kweli. Yaani karani mmoja alifutwa kazi, na kumbe mwenzake alikuwa mgonjwa kitambo.

Ndiyo maana siku hizi hakuna daktari makini anayeshika kisu kabla ya kujua upande wa pili unaweza kubeba mzigo. Kwa miaka mingi walitumia kipimo cha Wada, kilichopewa jina la daktari Juhn Wada. Dawa inapitishwa kwenye mshipa wa damu unaokwenda ubongoni, nusu ya ubongo inalala kwa dakika chache, na mgonjwa anaonyeshwa vitu na kuulizwa maswali kwa kutumia nusu iliyo macho. Sasa hospitali nyingi zinatumia zaidi picha za MRI pamoja na vipimo vya kumbukumbu vya karatasi na mazungumzo.

Bei ya leo ni ngapi?

Tuanze na unachopata. Katika mji wa London ulioko Ontario, Kanada, watafiti waliwagawanya watu 80 wenye kifafa cha aina hii kwa bahati nasibu: 40 wapangiwe upasuaji, 40 waendelee na dawa. Matokeo yalichapishwa 2001. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya kundi la upasuaji hawakuwa wakipata mashambulio ya kupoteza fahamu. Kwa kundi la dawa peke yake ilikuwa asilimia 8. Soma hizo namba mbili tena. Hizo ndizo sababu za watu kukubali kufunguliwa kichwa.

Sasa unachoweza kuachilia. Mwaka wa 2011 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kuyajumlisha. Kwa waliopasuliwa upande wa kushoto, karibu watu 44 katika kila 100 walishuka katika kumbukumbu ya maneno, yaani kukumbuka ulichosikia ama ulichosoma. Kwa upande wa kulia walikuwa 20 katika kila 100. Tofauti inatokana na kwamba kwa watu wengi lugha hukaa kushoto. Waliopasuliwa kushoto pia walipata shida ya kutaja majina ya vitu, karibu 34 katika kila 100. Unaona kijiko, unajua kazi yake, lakini jina linakataa kutoka.

Kushuka huku si kuwa Henry. Mtu bado anamjua mamake, anakumbuka jana alikuwa wapi, anapanda matatu hadi kazini. Lakini orodha ya vitu kumi vya dukani inamshinda, mkutano wa asubuhi unamtoka kufikia jioni, na kila jina jipya linahitaji kuandikwa. Kwa mtu mmoja huo ni usumbufu mdogo. Kwa mwingine ndiyo kazi yake imekwenda.

Na hapa kuna jambo linaloshangaza wengi. Aliye na hatari kubwa ya kupoteza ni yule ambaye kumbukumbu yake ilikuwa nzuri kabla ya upasuaji. Fikiria makanga wa matatu. Ukimfuta kazi yule anayelala kiti cha nyuma safari nzima, dereva hatajua tofauti. Ukimfuta yule anayekusanya nauli na kujua nani anashukia wapi, hesabu ya siku hiyo itaharibika. Hipokampasi iliyojaa kovu kwa sababu ya kifafa cha miaka mingi mara nyingi haikuwa ikifanya kazi tena, na kuitoa hakupunguzi mengi. Ikiwa MRI inaonyesha bado ni nzima, na mwenyewe anapita vipimo vizuri, basi kisu kinatoa kitu kilichokuwa kinafanya kazi.

Kukaa tu pia kuna gharama

Baada ya kusoma hayo unaweza kusema, basi mimi sitaki, nitabaki na dawa zangu. Sawa, lakini usidhani kubaki ni bure.

Watafiti wa Bonn, Ujerumani, waliwafuatilia watu 249 wenye kifafa hiki kwa kati ya miaka 2 na 10. Wengine walipasuliwa, wengine walibaki na dawa. Kati ya waliobaki na dawa, karibu nusu walishuka kumbukumbu. Kati ya waliopasuliwa ilikuwa karibu asilimia 60. Tofauti ipo, lakini si ile tofauti ya mbingu na ardhi ambayo watu huifikiria. Kilichofanya kazi kubwa ni kama mashambulio yalikoma. Waliokoma kuanguka, kumbukumbu yao ilitulia na kwa wengine ikaanza kurudi. Waliopasuliwa na bado wakaendelea kuanguka ndio walioumia zaidi, kwa sababu walitoa kumbukumbu na hawakupata walichokuja kutafuta.

Dawa nazo zina mambo yake. Fenobabitoni, ambayo wagonjwa wengi wa kwetu hupewa kwa kuwa ni ya bei nafuu, huwafanya baadhi yao kusinzia na kuwa wazito wa kufikiri. Topirameti inajulikana kwa kuwakwamisha watu maneno. Na kuna hatari ambayo hatuitaji mara nyingi: kila mwaka, karibu mtu mzima mmoja katika kila 1,000 wenye kifafa hufa ghafla, mara nyingi usingizini, na anayeendelea kupata mashambulio makubwa ndiye aliye kwenye hatari zaidi.

Kwa hivyo swali la kweli ni gumu kuliko "nipasuliwe nisahau ama nisipasuliwe nikumbuke." Kisu kinaweza kuchukua kumbukumbu kwa siku moja. Kifafa kinaweza kuichukua polepole kwa miaka 20. Unahitaji kujua kwa upande wako ni kipi kitachukua zaidi.

Mbona hii ni stori yetu?

Upasuaji wa kifafa umeshafanywa hapa kwetu Kenya, na jirani zetu Uganda wameufanya pia katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale. Ni kweli, kwa wengi bado uko mbali sana. Kule Kilifi, ambako kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi, watafiti waligundua kuwa zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata tiba inayofaa, hata hizo tembe za kawaida. Lakini kadiri mashine na wataalamu wanavyoongezeka, ndivyo vijana wengi zaidi watakavyoketi mbele ya daktari na kuulizwa lile swali la mwanzo. Afadhali tujiandae sasa.

Na kwetu kumbukumbu si jambo dogo. Shule zetu zimejengwa juu ya kukariri. Ukisahau kwenye mtihani hakuna anayekuuliza kama ulianguka usiku. Nilisoma na jamaa mmoja aliyekuwa na kifafa, na kila akishikwa wiki ya mtihani alirudi darasani akiwa hakumbuki tulichosoma siku mbili zilizopita. Mwalimu alimwita mvivu. Sisi tulimwita majina mengine. Hakuna aliyejua kwamba ule ulikuwa ugonjwa wenyewe ukifanya kazi.

Hapa ndipo nina ugomvi na namna kumbukumbu inavyopimwa. Kipimo kimoja maarufu kinakwenda hivi: unasomewa maneno 15, unayarudia, unasomewa tena, hadi mara tano. Baadaye, kama baada ya nusu saa, unaulizwa uyataje tena. Kipimo kizuri. Lakini vingi vya vipimo hivi vilitungwa kwa Kiingereza na kulinganishwa na watu wa nchi nyingine kabisa. Sasa mlete kijana wa Kayole anayeota kwa Sheng, ama binti wa Lodwar ambaye Kiingereza alikiacha langoni mwa shule ya msingi. Ukimsomea maneno 15 ya Kiingereza, unapima kumbukumbu ama unapima Kiingereza?

Usione ni jambo la adabu tu. Alama zikiwa chini kwa sababu ya lugha, daktari anaweza kudhani kumbukumbu yake imeshaharibika, kwa hivyo hana kikubwa cha kupoteza. Kumbe hipokampasi ni nzima na ndiyo inayotolewa. Kosa la lugha linageuka kosa la kisu.

Elimu pia ni hivyo hivyo. Mimi niliacha chuo njiani karo ilipokatika. Ukinilinganisha na mwenye digrii mbili, utanipa alama za chini ambazo hazihusiani na ubongo wangu. Tunataka vipimo vya Kiswahili na vya lugha zetu nyingine, vilivyolinganishwa na Wakenya wa shule tofauti. Vyuo vyetu vikuu vina wanafunzi wa saikolojia na wa isimu wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Kazi ndiyo hiyo.

Maswali ya kwenda nayo

Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, ama ni dada yako, andika maswali haya kwenye simu kabla ya siku ya kliniki. Chanzo cha kifafa changu kiko upande gani, na mna uhakika kiasi gani? Hipokampasi ya upande huo ina kovu ama ni nzima? Ile ya upande wa pili je? Kumbukumbu yangu ya sasa imepimwa, na imepimwa kwa lugha gani? Kwa mtu mwenye hali kama yangu, kuna uwezekano gani mashambulio yakome kabisa? Nitapimwa tena lini baada ya upasuaji, na nikipata shida nani atanisaidia?

Daktari akikasirika kwa sababu umeuliza, tafuta maoni ya daktari mwingine. Huu ni ubongo wako, na sehemu ikishatolewa hairudishwi.

Kisha kuna kikao cha nyumbani. Tunajua kinavyokwenda. Mjomba anaongea, shangazi analia, mchungaji anaombwa aseme neno, na kijana mwenyewe ametumwa aandae chai. Wazee wangu, kwa heshima zote, hapo hapana. Thamani ya kumbukumbu inategemea mtu anaishi vipi. Mama mboga anayeshika madeni ya wateja 40 kichwani ana hesabu yake. Msanii anayekariri mistari ana yake. Kijana wa boda boda ambaye shambulio moja barabarani linamuua yeye na abiria wake ana yake pia. Hakuna mjomba anayeweza kuifanya hesabu hiyo kwa niaba ya mwingine. Toeni ushauri, changeni pesa, lakini mwenye kichwa aseme wa mwisho.

Na akishapasuliwa, tusimwache. Mtu aliyeshuka kumbukumbu anaweza kufanya kazi vizuri akiwa na kengele za simu, daftari, na mahali pamoja pa kuweka funguo. Anaweza pia kuwa na huzuni nzito, na huzuni yenyewe hufanya mtu ajione anasahau kuliko anavyosahau, kwa hivyo nayo itibiwe. Akikuuliza jina lako mara ya pili, litaje tu. Haikugharimu kitu.

Sisemi kijana yeyote akubali upasuaji, wala sisemi akatae. Nasema asiingie kwenye chumba hicho bila kujua alama zake, upande wake, na uwezekano wake. Hospitali inayoweza kufungua kichwa cha mtu haiwezi kukosa saa tatu za kumpima kumbukumbu kwanza, kwa lugha anayoielewa.